Lenzi ya Kukaa Mbali na Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Novemba 2006

Wilaya ya Machakos imenihitaji tena. Nilijua tu. Mtu kama mimi hakai sana bila kuitwa. Kama ningezaliwa pacha, mmoja wetu sasa hivi angekuwa Ikulu, na mwingine angekuwa anamtuma.

Aliyekuja kuniita ni Mutheu, binti ya dada yangu, afisa wa kilimo hapa kwetu Kathiani. Alikuja na pikipiki ya serikali, matope hadi magotini. Hakungoja hata chai ipoe. Akasema, Mjomba, si bado uko na ile kamera? Nikamwambia kamera iko, na mwenyewe yuko.

Jambo lenyewe ni michungwa ya mama mkwe, yaani mama yake Kavindu, mke wangu. Miti thelathini na moja. Hiyo ndiyo ilimsomesha Kavindu hadi kidato cha nne, na ndiyo inamlisha mama yake mpaka leo. Sasa majani machanga yamejikunja, na ndani kuna vidudu vidogo kama chembe za ugoro. Mutheu anasema vinaweza kuwa vya aina mbili. Kuna yule anayekaa ameinua matako juu. Huyo huleta ugonjwa wa kugeuza majani manjano, hauna dawa, miti yote inakatwa inachomwa. Na kuna kidukari wa kawaida, mwenye vijibomba viwili mgongoni. Huyo ni maji ya sabuni tu, amekwisha.

Ni yupi? Mutheu hajui. Aliweka vichache kwenye kichupa, vikafika ofisini vimekauka kama majani ya chai. Tawi nalo ni marufuku kulitoa shambani, lisije likasambaza ugonjwa. Mtaalamu wa wadudu yuko ng'ambo hadi Krismasi, ila anasoma barua pepe. Anataka picha. Mdudu akiwa hai, kwenye jani, aonekane mgongo na matako.

Na haraka iko. Wathome, kaka yake Kavindu, yuko na michungwa yake ng'ambo ya mto na anaogopa itaambukizwa. Ameazima msumeno wa injini. Jumamosi anakata yote. Mama mkwe kusikia hivyo amehamisha kigoda chake hadi kwenye mchungwa ulioshambuliwa zaidi. Kutwa nzima yuko hapo anasuka viondo. Ametuma neno kwamba mtoto wake akija na huo msumeno, aanze na yeye.

Nikamwambia Mutheu aende akalale. Hii mikono iliwahi kumpiga picha chui kule Kivaa, na chui akangoja aone kama ametoka vizuri.

Kavindu akacheka huko jikoni. Akaniuliza, Baba Kamanthe, na huo mti utaufikiaje, mama akiwa amekaa hapo?

Hapo alinipata. Sisi Wakamba tuko na nthoni. Mkwe na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani, mwingine anapita. Vijana wa leo wameacha. Mume wa dada yake Kavindu anakula meza moja na mama mkwe, wanapitishiana chumvi! Lakini huyu mama ni wa zamani, anashika. Na mimi nashika kumshinda. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, uso wake siujui. Najua mgongo. Huo mgongo naweza kuutambua katikati ya soko siku ya Jumatatu.

Kavindu akasema basi nimpe yeye kamera, apige, mambo yaishe. Nilicheka hadi nikakohoa. Kamera ya dijitali si sufuria.

Jumanne, 7 Novemba

Asubuhi nimefanya majaribio kwa siafu. Nimempiga picha kumi na moja. Kwenye kioo cha nyuma ametokea kama nukta ya mwisho wa sentensi. Tatizo si mpigaji. Tatizo ni lenzi, ile iliyokuja na kamera.

Kamera yenyewe nilipewa na meneja wa kiwanda kimoja kule EPZ Athi River, nilikokuwa Mkuu wa Usalama, Upande wa Lango. Siku naondoka meneja alitokwa machozi. Wengine walisema ni vumbi.

Nikapanda baiskeli hadi mjini kwa Kiama. Ana duka la picha karibu na stendi, na anauza lenzi zilizotumika. Akanisalimia, Mzee wa Lango, leo umelinda nini? Nikamwambia nataka lenzi ya makro, ile ya kugeuza kidudu kuwa ng'ombe.

Akatandika kitambaa, akaweka tatu. Ya kwanza fupi, milimita hamsini. Makro ya kweli, lakini mdudu akitoka mkubwa kabisa utakuwa umemkaribia kwa vidole vinne tu. Ya pili, milimita mia moja. Hiyo unasimama shibiri nzima, mdudu hashtuki, kivuli chako hakimfuniki. Ya tatu ndefu, nyeusi, inarefuka zaidi ukiizungusha, hadi mia tatu. Na ubavuni imeandikwa MACRO kwa dhahabu!

Kiama akasema hiyo dhahabu nisiiangalie. Ati ni makro ya jina tu. Haioni kitu kilicho ndani ya mita moja, na kutoka huko mdudu anabaki mdudu. Akanisukumia ile ya mia moja. Akauliza, kwani mzee unataka kusimama umbali gani?

Nikamwambia hatua kumi.

Akaniuliza huyo mdudu anauma namna gani. Nikamwambia hatua kumi si za mdudu. Ni za mama mkwe.

Kiama akaketi. Akasema yeye ameuza lenzi miaka tisa, watu wamekuja kupimia ndege, wamekuja kupimia maharusi, wamekuja kupimia meno, lakini hii ya kupimia mama mkwe kwao Murang'a hawajaisikia. Akasema ile ya mia moja na stendi ya miguu mitatu ndiyo jibu. Nikaitazama. Imefanana na mkebe wa jemu. Mtu wa cheo changu hawezi kuonekana akimwelekezea mdudu mkebe wa jemu.

Nikachukua ya dhahabu. Baiskeli imebaki kwa Kiama kama dhamana. Nimerudi juu ya lori la kokoto, lenzi shingoni. Watu wameniamkia mara mbilimbili. Mmoja ameuliza barabara itawekwa lami lini. Nikamwambia Machi.

Jumatano, 8 Novemba

Siku mbaya. Naandika nimelala kifudifudi, na sababu itaonekana.

Saa tatu nilijificha nyuma ya ua wa mkonge wa mama mkwe. Nikapima hatua kumi sawasawa kutoka mgongo wake. Nikalala chini kama jeshi. Nikaizungusha lenzi ikarefuka, ikarefuka, hadi nikaona aibu. Jani la kwanza: ukungu. La pili: ukungu. Upepo ulipovuma jani lilikimbia nje ya picha likarudi. Mara moja nilimpata mdudu katikati kabisa, akatoka mdogo kama chembe ya sukari. Kiama alikuwa ameiroga hii lenzi.

Nikasema nizungushe hadi mwisho. Nikazungusha. Kitu kikubwa kikapita mbele. Nikabonyeza.

Kioo cha nyuma kikawaka. Wui!

Uso! Wote! Mama mkwe alikuwa amegeuka kutafuta uzi wake, nami nikamnasa katikati. Miaka ishirini na miwili nimeukimbia huo uso, sasa umekuja kwangu wenyewe, umejaa ukingo hadi ukingo, na unanitazama! Ana kidoti shavuni. Amefanana na Kavindu siku ile nilipouza mlango.

Niliruka nyuma. Nyuma kulikuwa na mkonge. Mwiba uliingia mahali ambapo mtu mzima hamwonyeshi mwenzake. Nikapiga kelele.

Mama mkwe akajifunika leso kichwani, akageuza mgongo, akamwita Kavindu, aliyekuwa jikoni kwake, kwa sauti ya kusikika hadi kanisani: njoo umfukuze mnyama, kuna mnyama kwenye mkonge! Nikaona nisaidie. Nikalia kama ng'ombe. Nalia vizuri sana kama ng'ombe, nimewahi kuitikiwa.

Mama mkwe akamwambia Kavindu, muulize huyo ng'ombe kofia amenunua wapi.

Alhamisi, 9 Novemba

Habari zimesambaa. Wathome ameita wazee watatu kwenye baraza ya kinu cha posho, wanihukumu. Swali: mtu akiuona uso wa mama mkwe wake ndani ya kamera, amevunja nthoni au hajavunja?

Mzee wa kwanza alisema picha ni karatasi, na karatasi haina mama mkwe. Nikampigia makofi. Mzee wa pili akasema hapa hakuna karatasi, hapa kuna kioo, na mtu wa kwenye kioo ni yule yule. Wa tatu, mwenye pua kubwa, akauliza uso ulikuwa wa ukubwa gani.

Mimi mtu mkweli, na tena naijua kazi yangu. Nikawaonyesha. Ulijaa kioo chote, nikawaambia, na si hivyo tu, ukibonyeza hapa unakua zaidi. Nikabonyeza. Ukakua. Nikabonyeza tena, kikabaki kidoti peke yake. Kamera ikapita mkono kwa mkono. Wazee walisahau kesi, wakaomba waonyeshwe pua.

Kisha yule wa tatu akatoa hukumu. Kwa vile uso umekuzwa mara nane, na kosa nalo limekuzwa mara nane. Mbuzi wanane!

Nilisimama, ingawa kusimama ndiko tu ninakoweza sasa. Nikawaeleza sayansi. Uso umekuzwa, sawa, lakini mimi nilikuwa hatua kumi, na kosa la mbali hupungua. Mzee wa pili akatoa njiti za kiberiti, wakazipanga chini: hizi ni hatua, hizi ni mbuzi, hizi ni nyuso. Walipanga na kupangua hadi njiti zikaisha, mwenye kinu akadai kiberiti chake. Uamuzi: mbuzi mmoja apelekwe kwa mama mkwe, na picha ifutwe mbele ya macho yao.

Nikafuta. Nikafuta zote. Pamoja na ubatizo wa mtoto wa Wathome wa mwezi uliopita, ambao sikuwa nimeuchapisha. Wathome akasema alikuwa anawaza kungoja hadi Jumatatu, lakini sasa Jumamosi ni Jumamosi. Saa saba kamili.

Mutheu akapita na pikipiki. Mjomba, picha iko? Nikamwambia iko njiani. Akanitazama vile mamake alivyokuwa akinitazama tukiwa wadogo.

Kavindu leo hakucheka. Alisema mamake hajala tangu jana, ati akiinuka kwenda jikoni Wathome atapata nafasi. Akasema tena, nipe kamera nipige. Karibu nimpe. Lakini wakati huo huo akili ilifunguka!

Nthoni inakataza uso. Mgongo haijaukataza. Basi nikienda kinyumenyume, mgongo wangu ndio utatangulia kufika, kamera nimeishika nyuma, lenzi inatazama inakokwenda. Sitamwona mtu. Kamera ndiyo itaona. Kwa kazi hiyo lenzi ndefu haifai, inainamisha mkono. Inatakiwa fupi.

Nikarudi kwa Kiama. Akaitoa ile ya mia moja kabla sijafungua mdomo. Nikasema hapana, nipe ya hamsini. Akasema, mzee, vidole vinne? Wewe juzi hatua kumi zilikuwa hazitoshi! Nikamwambia makamanda hubadilisha mbinu. Akapokea ya dhahabu, akanipa. Alinifuata hadi mlangoni akiniuliza kama kweli nyumbani kuna watu wananitunza.

Ijumaa, 10 Novemba

Mazoezi asubuhi, uani kwangu. Kinyumenyume hatua ishirini. Nimevunja banda la kuku, lakini kwa mstari ulionyooka.

Mpango ulikuwa hivi. Kavindu akae jikoni kwa mamake, dirishani, aniongoze kwa kukohoa. Kikohozi kimoja, kushoto. Viwili, kulia. Vitatu, simama, umefika. Alikubali vibaya, lakini alikubali.

Saa nane nilianza kutoka lango la mama mkwe. Mgongo mbele, kamera nyuma, kidole tayari. Mawingu yalikuwa meusi juu ya vilima. Kikohozi kimoja: nikapinda kushoto. Viwili: kulia. Safi kabisa, kama lori linaingizwa gereji. Kumbe kuni za Kavindu zilikuwa mbichi. Moshi ukajaa. Akakohoa mara saba.

Saba! Saba hatukuwa tumekubaliana. Nikafanya hesabu haraka: tatu na tatu na moja, yaani nimefika, nimefika, kushoto. Nikazunguka. Nikazunguka tena. Nikawa sijui Kathiani iko upande gani.

Yaliyompata mama mkwe niliyajua baadaye. Alinisikia nikija, akajifunika leso, akainuka, akanipa mgongo kwa heshima, akasogea kando ya mti. Yeye pia anashika, nimesema. Wakati huo Wathome alikuwa ng'ambo ya mto akijaribu msumeno wake. Ukanguruma. Mama mkwe akadhani siku imefika mapema. Akarudi kuukinga mti, na kwa sababu yangu akarudi kinyumenyume.

Tukakutana. Mgongo kwa mgongo. Pu!

Sijui kama jambo hili limewahi kutokea tangu Wakamba waanze. Hakuna aliyeweza kugeuka. Hakuna aliyejua mwenzake amesimama vipi, kwa hivyo hakuna aliyethubutu kuondoka, asije akamtokea mbele. Tulisimama hivyo muda wa kuiva muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Tena mgongo wake ni wa moto na una nguvu, alikuwa ananisukuma.

Akaita, Kavindu, mwambie huyo aende kwao. Nami nikaita, Kavindu, mwambie mama hivyo ndivyo nilikuwa nafanya. Yeye: mwambie anaenda vibaya. Mimi: mwambie njia nimeipoteza. Yeye: mwambie amuulize mbuzi wangu wa ile faini, ametoka kwake, njia anaijua. Kavindu alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Alisema ni moshi.

Mvua ikatuokoa. Ilikuja yote kwa pamoja. Nikakimbia mbele bila kutazama kitu. Mbele kulikuwa na shimo la mbolea.

Nyumbani ndipo nilipogundua: mikono yangu miwili yote ni mitupu. Kamera imebaki kwenye nyasi. Kesho saa saba msumeno unakuja. Sijaoga bado. Nimeoga mara mbili lakini naambiwa sijaoga.

Jumamosi, 11 Novemba

USHINDI! Picha imepatikana! Nimeipiga mimi!

Ilikuwa hivi. Mutheu alipita asubuhi akakuta kamera iko kwa mama mkwe, kavu, imefungwa kwa leso, imelala ndani ya kiondo kipya. Akaiwasha. Akaruka. Akapanda pikipiki hapo hapo hadi saiba mjini, kwenye intaneti, akamtumia mtaalamu.

Saa sita na nusu Wathome akafika. Msumeno begani, petroli mkononi. Mimi nilikuwa nyuma ya mkonge, hatua kumi, nasimamia. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kwenye shina, anasuka tu, hata uzi hakuukosea. Wathome akasema, mwaitu, tafadhali inuka. Hakuinuka. Akasema tena, sauti imekuwa ya mtoto. Akasema kama ni ule ugonjwa tutakufa njaa sote, mimi na wewe. Mamake akamwambia ajue kwamba mti huo ulipandwa siku moja na yeye kuzaliwa, na wote wawili walikuwa wembamba, na hakuna aliyesema wakatwe.

Wathome akauvuta ule msumeno ukawaka. Sijui alitaka kukata au alitaka tu kelele zijae asisikie. Kavindu akatoka jikoni akasimama kando ya mamake. Mimi nikasimama pia, nikamwambia Wathome kwa ukali aache. Sauti ya msumeno ilikuwa kubwa, hakusikia, lakini nilisema.

Simu ya Kavindu ikalia mfukoni mwa aproni. Mutheu. Kavindu akamwekea Wathome sikioni, naye akazima injini ili asikie. Vijibomba viwili mgongoni! Wazi kabisa! Matako chini! Mtaalamu amejibu kutoka ng'ambo kwamba ni vidukari, na kwamba miaka mingi hajaona picha safi hivyo. Maji ya sabuni, siku tatu tatu.

Wathome aliketi chini kwenye matope na suruali yake nzuri. Kisha akainuka, akachukua mtungi, akaenda mtoni mwenyewe kuchota maji. Mama mkwe akakitoa kigoda pale mtini, akaenda jikoni akala. Kavindu anasema alikula sahani tatu.

Wakaniuliza niliipigaje. Nikawaeleza. Katika ile sekunde ya kugongana jana, nilihisi mdudu yuko vidole vinne, nikabonyeza. Mgongo wa mtaalamu unajua. Wathome alisema, shemeji, umefanya kazi. Kavindu alikohoa mara moja. Sijui kwa nini aliniagiza kushoto.

Jumapili, 12 Novemba

Mutheu amechapisha picha kwa Kiama, kubwa kama gazeti, akaileta kanisani. Baada ya misa watu walijipanga kuiona. Mdudu mnene, mweusi, anang'aa, na kando yake tone la mvua limekaa kwenye jani kama balbu. Paroko aliuliza ni kiboko wa wapi. Nimeshikwa mkono na watu arobaini.

Mutheu ameniambia Kiama aliitazama muda mrefu. Akasema hii ni lenzi ya hamsini, vidole vinne hasa, na aliyeishika mkono haukutetemeka hata kidogo, mtu aliyezoea kazi ya karibu. Akasema, huyu si mzee wangu. Wivu wa kibiashara.

Halafu Mutheu akaweka kidole kwenye pembe ya chini ya picha. Mjomba, hii ni nini? Nikatazama. Aliyeipiga alikuwa amelishikilia jani kwa mkono mmoja lisipepee, na mkono umeingia kidogo. Kuna bangili. Ya shaba, nyembamba, kama zile za akina mama wazee.

Watu wote wakaniangalia mkono.

Nikasema ni yangu. Ya baridi yabisi. Leo nimeiacha nyumbani kwa sababu ya misa.

Jumanne, 14 Novemba

Nimenunua bangili ya shaba sokoni. Zilikuwa za kina mama tu. Imeingia kwa sabuni. Kutoka imekataa. Vidole viwili vimeanza kufa ganzi, lakini ushahidi ni ushahidi.

Na habari kubwa! Ofisi ya kilimo imeniomba, mimi kwa jina, niwapigie picha wadudu kumi na wawili wa kalenda ya mwaka ujao. Januari, dumuzi. Februari, funza wa mabua. Nimekubali kabla Mutheu hajamaliza kusoma orodha. Nikaenda kwa Kiama. Amepata lenzi nyingine, milimita mia moja na themanini, nzito kama mtoto wa miezi mitatu. Akaniomba kwa jina la Mungu nichukue ile ya mia moja. Nimechukua ya mia na themanini. Baiskeli bado iko kwake, safari hii nimeongeza na pampu.

Kurudi, Kavindu akanipa ujumbe kutoka kwa mamake. Mwambie huyo, ile lenzi fupi asiirudishe dukani. Na alete betri.

Nimepanga vizuri. Nitaifunga lenzi mpya, nitapita nayo kituo cha soko ionekane. Kisha nitafunga ile fupi, nitapita kwa mama mkwe kinyumenyume, na kamera nitaisahau kwenye nyasi, karibu na kigoda. Mara kumi na mbili. Mtu mwenye mambo mengi lazima asahau.

Ukweli niuandike hapa, kwa sababu Kavindu hasomi mwandiko wangu. Ile picha sikupiga mimi. Kwenye kadi zilikuwa picha thelathini na tisa za vidukari, zote zimepigwa Ijumaa baada ya mvua, wakati mimi nikiwa kwenye beseni. Yangu ni moja tu, ya kabla ya mvua. Ni kidole changu gumba, kimeiziba lenzi.

Lakini kimetoka safi. Mpaka uchafu wa ukucha unaonekana.